Kabange Hakuwemo

Naandika haya kwa mwanamke mmoja nisiyemjua. Yuko kwenye benchi la maternite, wodi ya wazazi, hapa Kamina au kwingine, ameshika karatasi yenye neno «mole», na hakuna aliyekaa naye kumweleza vizuri. Kipimo cha mkojo kinasema ana mimba. Ekografi, ile mashine ya kuona tumboni, inasema hakuna mtoto. Nyumbani wanamwambia waganga wa hospitali hawajui kitu. Dada, mimi nilisikiliza ya nyumbani wiki saba nzima. Nilikataa sindano, nikaenda kujificha kijijini nikilinda mtoto ambaye hakuwemo, na nusura nife. Sasa niko mzima, nakanyaga cherehani yangu kama zamani, ndiyo maana nina nguvu ya kukusumbua na maneno.

Jina langu ni Adele. Nilizaliwa kwenye kambi ya reli. Baba yangu aliletwa Kamina na kazi ya treni kutoka mbali, mama yangu ni mtu wa Bukama. Mume wangu Ilunga anafundisha darasa la tano. Yeye ni Muluba wa hapa hapa, watu wao wanalima kijijini kwenye barabara ya Kabongo tangu mababu. Tulifunga ndoa kanisani, halafu tumbo langu likakaa kimya miaka minne. Miaka minne kwa watu wa kule ni mingi mno. Mama mkwe wangu, Mama Ngoie, hakunitukana hata siku moja, lakini kila alipokuja mjini alinitazama kwanza kiunoni, halafu ndipo usoni.

Mimba ilikuja na mvua za kwanza. Nilitapika sana. Si kutapika kwa asubuhi kama wanavyosema wanawake, hapana, mimi nilitapika asubuhi, mchana na jioni, hadi maji matupu. Nilikuwa nikishona nina beseni miguuni. Na tumbo likaenda mbio. Kazi yangu ni kupima watu viuno kutwa, najua kiuno cha mwanamke mwenye mimba kinavyotembea mwezi kwa mwezi. Changu hakikutembea, kiliruka. Mwezi wa tatu haujaisha na utepe unanionyesha mwanamke wa miezi mitano. Nilifungua mishono ya nguo zangu zote, nikaanza kujifunga kikwembe tu, yaani kitenge.

Sikuogopa. Nikwambie kweli, nilifurahi kama mjinga.

Mama Ngoie alikuja kutoka kijijini, akaniweka chali kitandani, akaweka mikono yake miwili juu ya tumbo. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akaanza kucheka peke yake.

«Hii tumbo haiko ya mutoto mumoja,» alisema. «Humu muko Kyungu na Kabange.»

Kwa Waluba mapasa, yaani mapacha, si watoto tu kama wengine. Wa kwanza kutoka ni Kyungu, wa pili ni Kabange, hakuna kuchagua jina. Wazazi wao wanabadilika cheo siku hiyohiyo. Chochote kinacholetwa kinaletwa viwili viwili. Wanaimbiwa nyimbo zenye matusi ya kufanya padri azibe masikio, na ndiyo heshima yenyewe. Na wakifa hawaliliwi. Ukiwalilia, wanakasirika, na hasira yao inaweza kukufunga kizazi au kukuchukua wewe mwenyewe. Haya sisi kambini tuliyajua kwa mbali tu. Kambini mapasa walikuwa midomo miwili ya kulisha.

Tangu siku hiyo Mama Ngoie aliniletea mayai mawili, samaki wawili, mihogo miwili. Aliponiita mama wa mapasa nilimkataza, nikamwambia tungoje wazaliwe kwanza, lakini nilimkataza kwa kinywa tu. Moyoni niliitika. Ilunga alianza kutembea mtaani kama mkuu wa stesheni.

Damu ilianza nikiwa kwenye cherehani. Ilikuwa nyeusi, kidogo, kama kahawa iliyobaki chini ya kikombe. Siku mbili nilijidanganya kwamba ni kukaa sana. Siku ya tatu nilienda chooni, na vikatoka vitu ambavyo sijawahi kuviona wala kusikia: vifuko vidogo vidogo vyenye maji, vimeshikana, kama mayai ya chura yanayoelea kwenye dimbwi wakati wa mvua. Nilivitazama. Hata kupiga kelele sikuweza.

Kwenye maternite nilikaa kati ya wanawake wenye matumbo yao mazuri. Mmoja aliniuliza niko mwezi wa ngapi. Nilimjibu wa tano, kwa sababu tumbo lilionekana hivyo na sikuwa na nguvu ya kueleza. Dokta alikuwa kijana, mikono yake baridi. Alipitisha chombo chake juu ya tumbo, akapitisha tena, akageuza kioo upande wake nisikione.

«Mama,» alisema, «humu hamuna mutoto.»

Nilimwambia atafute vizuri, wako wawili. Alimwita Mama Vero, muuguzi mkubwa wa pale, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, naye akanishika mkono wakati dokta akisema lile neno la mole, na kwamba wanapaswa kusafisha tumbo leo hiihii kabla damu haijamwagika yote.

Walinisafisha. Nilipozinduka nilikuwa nimepungua mbele kama gunia lililomwagwa. Matiti yalikuwa yamejaa, yanauma, hayajui habari.

Mama Ngoie alifika akiwa na matope hadi magotini. Kitu cha kwanza alichouliza ni watoto wako wapi, ili awachukue kwa utaratibu wao, maana mapasa hawaachwi hospitali kama takataka. Mama Vero alimwambia hakukuwa na watoto. Alimwambia tena. Kisha aligeuka kwangu, na kwa kuwa alijua nashona, alinieleza kwa kazi yangu. Alisema yai la mwanamke linalala. Mbegu ya mwanamume ikiingia, inaliamsha, na likishaamka linaanza kazi hapo hapo: linajigawa mbili, nne, nane, haliulizi kama kila kitu kipo. Langu halikuwa na kitu changu ndani. Lilikuwa ganda. Likaamshwa hivyo hivyo, likaanza kazi.

«Ni kama unapewa patron ya robe, ile karatasi ya kukatia nguo, na mu ile patron muko mikono tu,» alisema. «Unashona mikono, unashona mikono, kitambaa inaisha. Mwili hapana.»

Nilisikia kila neno. Lakini kusikia ni kitu kimoja. Mama Ngoie aliinama sikioni kwangu akasema nisilie, na mimi nikakaza taya. Nililala siku tatu katika chumba kile bila chozi, huku mwanamke wa kitanda cha jirani akinitazama kama mtu asiye na moyo.

Sasa sikia vizuri, dada, kwa sababu hapa ndipo nilipopotea.

Waliniambia nirudi kila wiki kupimwa. Damu ilikuwa inatumwa Lubumbashi, majibu yanarudi kwa simu ya dokta. Kitu kile kikitoka chote, walisema, namba ya alama ya mimba kwenye damu inashuka hadi inafika sifuri. Wiki ya kwanza ilishuka. Ya pili ikashuka. Nilikaa kwenye benchi lile lile la wajawazito, maana hawana benchi lingine la watu kama sisi, na walipoita majina walituita sote kwa orodha moja. Wiki ya tatu namba ilisimama. Ya nne ikapanda. Na kutapika kukarudi.

Nilinunua kipimo cha mkojo kwenye famasi karibu na soko, nikapima nyumbani peke yangu. Mistari miwili, myekundu, wazi kabisa. Nilikaa chini sakafuni na kijiti kile mkononi. Mwanamke aliyengoja miaka minne akiona mistari miwili, unamwambia nini? Niliwaza: waganga walisafisha, lakini kuna aliyejificha.

Mama Ngoie hakuhitaji kuwaza. Nilipomwonyesha aliweka kijiti kifuani kwake.

«Kyungu njo alienda,» alisema. «Kabange anabakia. Kabange njo wa nyuma, hajafika siku yake.»

Dokta aliniita pamoja na Ilunga. Alisema kile kilichobaki kimeota mizizi kwenye nyama ya kizazi, kinakua, na kisipozuiwa kitasafiri mwilini na kuniua. Kuna sindano, zinakuja na treni kutoka Lubumbashi, zinatibu vizuri tukianza mapema. Nikamuuliza swali moja tu. Nilimuuliza kama kungekuwa na mtoto ndani, sindano hizo zingemfanya nini. Dokta alikuwa mtu mkweli, na siku ile ukweli wake uliniponza. Alisema zingemuua, ndiyo maana wamepiga ekografi mara mbili kuhakikisha hakuna. Mimi nilishika nusu ya kwanza ya jibu, nusu ya pili nikaiacha mezani kwake.

Mama yangu alikuja kutoka kambini kunisihi. Alisema amezaa watu sita, hajaona mtoto anayebaki tumboni baada ya kusafishwa na asionekane kwenye mashine. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye ni mtu wa kambi, mambo ya mapasa hayajui, na kama angenipenda asingetaka wanidunge sumu. Alifunga kitambaa chake cha kichwa upya, polepole, akaondoka bila kuaga. Hakurudi kwa muda mrefu. Ilunga yeye alikuwa kimya. Anapokosa la kusema anasahihisha madaftari ya wanafunzi, na siku zile aliyasahihisha hadi yakaisha, akaanza upya. Nilichukulia kimya chake kwamba amekubali. Baadaye aliniambia alikuwa anaogopa kuchagua kati yangu na mtoto, basi hakuchagua.

Nikapanda pikipiki, nikaenda kwa Mama Ngoie.

Mahindi yalikuwa yamenizidi urefu. Alinipa chumba chake mwenyewe. Hakuniacha nibebe maji wala nichochee ugali. Asubuhi alinipaka pemba, ule udongo mweupe, juu ya tumbo, akaongea na Kabange kwa Kiluba, kwa sauti ya kubembeleza ambayo sikujua kama anayo. Alimwambia asiogope kubaki peke yake, mwenzake hajakasirika, nyumba inamngoja. Aliniletea mayai mawili kila siku, moja langu na moja la Kabange, na nilikula yote mawili hata nilipojua yatarudi. Nisimseme vibaya mwanamke huyu. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyenitunza kama alivyonitunza wakati ananisaidia kufa.

Na Kabange nilimsikia akicheza tumboni. Ndiyo, nilimsikia. Nikilala kwa ubavu wa kushoto kitu kiligonga upande wa chini, mara mbili, mara tatu. Ningeapa mbele ya padri.

Lakini mwili ulikuwa unasema yake. Damu ilikuja na kuondoka. Pete ya ndoa ililegea, nikaifunga kwa uzi. Mashavu yaliisha. Kwenda chooni nyuma ya nyumba, hatua ishirini tu, nilipumzika njiani mara mbili nikishika ukuta wa jikoni. Halafu kikohozi kikaja. Nilisema ni baridi ya mvua. Kikohozi kilikuwa kikavu kwanza, kisha wiki ya saba nilikohoa kwenye kitambaa na kitambaa kikawa chekundu. Nilikikunja, nikakisukuma chini ya godoro. Siku ya pili nikasukuma kingine. Nilijua. Dada, mtu anajua. Nilikuwa nahesabu tu kama nitafikisha miezi tisa kabla sijafa.

Ilunga alikuwa anakuja kila Jumamosi. Jumamosi ile alinikuta nimekaa kizingitini, nimeshindwa kuinuka kumpokea. Aliingia ndani kuweka mzigo, akakaa huko muda. Alipotoka alikuwa na vitambaa vyote mkononi.

Hakunigombeza. Alimwita mama yake aliyekuwa anapukuchua mahindi uani, akamwomba akae kwenye kigoda. Kisha, na hii sijawahi kumwona akifanya, yeye mwalimu, mtoto wa kiume wa kwanza, akapiga magoti chini kwenye vumbi mbele yake. Alisema wiki ile alikwenda mwenyewe kwa Mama Vero, siku mbili mfululizo baada ya shule, na hakuondoka hadi alipoelewa.

«Mama, ile kintu iko mu tumbo ya Adele haiko mutoto,» alisema. «Na haina kitu yake hata kamoja. Yai yake ilikuwa wazi, ganda tu. Mbegu yangu miye njo iliingia, ikaiamsha, ikajizidisha yenyewe. Yote ile inaota mule iko yangu tupu. Miye njo niko namukula.»

Katika kijiji kile neno hilo halisemwi hivi hivi. Kumla mtu ni kumroga. Mtu anaweza kufukuzwa, nyumba yake ikachomwa, kwa neno hilo moja, na hapa mtu analisema juu ya nafsi yake mwenyewe mchana kweupe, na jirani yuko upande wa pili wa uzio. Mama Ngoie alimziba mdomo kwa kiganja. Ilunga alikiondoa kile kiganja, akakishika.

«Akikufa, bantu ya kambi batauliza nani alimukula,» alisema. «Nitatoa jina yangu. Nitawaambia na mama yangu alikuwa ananishikia sahani.»

Nilidhani atampiga kofi. Mama Ngoie alitazama vitambaa vile pale chini, akavihesabu kwa macho, akanitazama mimi: safari hii usoni kwanza. Kisha akajifunika uso kwa kikwembe, akalia.

Alilia kwa sauti, kwa mayowe, kama wanavyolia msibani, hadi wanawake wa jirani wakaja mbio wakauliza nani amekufa. Unaelewa maana yake? Mapasa hawaliliwi. Yeye ndiye aliyenifanya nikaze taya miezi yote ile, na sasa alikuwa analia mbele ya kijiji kizima. Aliwajibu wale wanawake kwa Kiluba kwamba hakuna aliyekufa, kwamba hakukuwa na mtu. Hapo ndipo nilipomwacha Kabange. Si kwa dokta, si kwa mashine, ni pale uani.

Tuliondoka asubuhi yake kwa pikipiki mbili. Mama Ngoie alikaa nyuma yangu kunishika nisianguke, yeye asiyependa pikipiki hata kidogo, na njia nzima nilisikia akisali rozari mgongoni kwangu.

Picha ya kifua ilionyesha madoa mapafuni, mengi, ya duara. Dokta hakunifokea kwa wiki zile saba. Alisema tu tumechelewa lakini bado mlango haujafungwa, na kwamba sindano ni zile zile ila zitakuwa nyingi zaidi. Mama Vero alitoka nje kidogo, akarudi macho mekundu, akaniuliza kama nimekula.

Dawa yenyewe ni ya manjano. Inadungwa siku moja, kesho yake unameza kidonge cha kulinda mwili, keshokutwa inadungwa tena, hadi siku nane zinaisha. Kisha unapumzika, kisha unaanza upya. Mimi nilihesabu kiangazi kile kwa mizunguko. Mzunguko wa kwanza, majani ya mwisho yanakauka. Wa pili, baridi ya asubuhi, nakwenda hospitali nimejifunga blanketi. Wa tatu, vumbi, na moshi wa watu wanaochoma mashamba, nikikohoa sijui kama ni moshi au ni mimi.

Kinywa kilichubuka chote. Ulimi ulikuwa kama umepakwa pilipili, hata maji yaliuma. Macho yaliwaka, sikuweza kuingiza uzi kwenye sindano ya cherehani, na wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao mmoja mmoja, kwa adabu. Nilinuka chuma. Ilunga aliambiwa asinikaribie kama mume, maana mimba kwa wakati ule ingevuruga kila kipimo na dawa ingeiharibu. Tulilala kitanda kimoja kama kaka na dada. Kuna siku nilimchukia. Nilimtazama amelala na nikawaza kwamba kilichonikaa mapafuni ni yeye, kama alivyosema mwenyewe. Nilimwambia. Alisema hata yeye huwaza hivyo akininyoa, maana nywele zilikuwa zinakatika nikamwomba aniondolee zote. Hatukulizungumza tena, lakini baada ya kulisema nilianza kuweza kumgusa mkono.

Huruma ndogo zilikuwepo, nisikufiche. Mama Vero alikuwa anapasha joto ile chupa ya dawa kiganjani kabla ya kunidunga, isiingie baridi. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa alinipa nafasi yake ya kukaa bila kuuliza chochote. Mama Ngoie alihamia kwetu. Alinipikia uji mwepesi, akaupoza kwa kumwaga kutoka kikombe hadi kikombe hadi mkono wake uchoke, akanilisha kwa kijiko cha chai upande wa kinywa usiokuwa na kidonda. Na mzunguko wa tatu mama yangu akaja. Sikumwomba msamaha, sikuwa na kinywa cha kuongea. Alikaa kwenye benchi upande wa pili wa Mama Ngoie. Wazee wale wawili hawakuzungumza asubuhi nzima. Mchana mama yangu akatoa samaki wa Bukama kwenye mfuko, akamegea mwenzake nusu, wakala.

Mzunguko wa nne namba haikushuka. Nakwambia hili kwa sababu huenda nawe litakupata, na siku hiyo utataka kulala barabarani. Mimi nilitaka. Nilimwambia dokta aniache nikafie nyumbani, nimechoka, sina mahali pa kudungwa tena, matako yote ni vinundu. Alisema tungoje wiki moja. Wiki moja nilikaa nikitazama ukuta. Nilisali kidogo, nikagombana na Mungu zaidi. Nilimuuliza kwa nini aliruhusu yai liamshwe kama ndani hamna kitu, si angeliacha lilale.

Wiki iliyofuata ilishuka. Kisha ikashuka tena. Kwenye picha ya kifua madoa yalikuwa yamefifia.

Nikuombe mambo machache halafu nikuache. Usitupe karatasi zako, hata moja. Usikose siku ya kipimo kwa sababu unajisikia vizuri. Mimi nilijisikia vizuri wakati kinaota mizizi. Wakikuambia ni yai lako lililokosea, au ni mbegu ya mume wako, wajibu kwamba yai halichagui na mbegu haichagui, zinakutana gizani na kazi inaanza. Na kama kwenu kuna Mama Ngoie, usimfiche, mpeleke naye kwa muuguzi, mkae wote watatu, aambiwe usoni. Mimi nilikuwa napeleka habari nyumbani nusu nusu, kila mtu akajazia nusu yake.

Namba ilifika sifuri mvua zilipoanza tena. Walinidunga mizunguko mingine kwa usalama, kisha wakapima tena na tena. Siku ya jibu la mwisho, lile la kuniruhusu kuacha sindano, Ilunga alinisindikiza hadi mlangoni akabaki nje na wanaume. Mama Vero alisoma karatasi, akaisoma tena, akavua miwani.

«Adele, hakuna kitu,» alisema. «Mu tumbo hamuna kitu kabisa.»

Nilimwomba arudie. Alirudia. Nilitoka kwenye ukumbi ule wa wajawazito, nikamwona Ilunga mlangoni amesimama kwa mguu mmoja kama kuku, na sikuweza kungoja nimfikie. Nilimwambia kwa sauti kutoka pale katikati: hakuna kitu, Ilunga, hamna kitu tumboni. Naye akainua mikono yote miwili juu, akapiga magoti pale pale mlangoni akimshukuru Mungu.

Wanawake wale walitutazama, matumbo yao mbele yao, hawajui waende wapi na macho yao. Aliyekuwa karibu yangu alikuwa msichana mdogo, mimba ya kwanza bila shaka. Yeye hakuona furaha yoyote. Alisikia tu nilichosema. Alinyoosha mkono akanishika mkono wangu.

«Pole ya mutoto, mama,» alisema.

Watu walikuwa wamenipa pole ya ugonjwa, ya sindano, ya nywele. Pole ya mtoto hakuna aliyekuwa amenipa, hata mmoja, tangu siku ile ya ekografi. Nilitaka kumwambia amekosea, hakukuwa na mtoto, na kumweleza habari za yai. Sikumweleza. Niliipokea ile pole kwa mikono miwili, nikakaa kwenye benchi kando yake, nikalia hadi walipomwita jina lake.